Kukodi ndege ukiwa Dodoma kwa safari fupi za kikazi: mwongozo kamili

Anayetaka kukodi ndege kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: ni ndege gani, na ni shilingi ngapi kwa saa. Kwa mtu wa Dodoma kuna swali linalotangulia hayo: ndege hiyo inalala wapi? Ndege nyingi za kukodi nchini zinalala Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, kwenye watalii na makao makuu ya kampuni. Dodoma zinakuja kuchukua watu, kisha zinarudi kwao. Kabla hujapanda ngazi ya ndege, tayari ankara yako ina saa moja ya mafuta na marubani, na ukishashuka jioni inaongezeka nyingine. Ni kama kuagiza Coaster Morogoro ije kubeba harusi Kondoa: njia ya kuja tupu na ya kurudi tupu zote ni zako.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ofisa utawala, katibu muhtasi au mfanyabiashara ambaye ameambiwa apeleke watu wanne hadi wanane mahali fulani, wafanye kikao, warudi. Kama unafanya kazi kwenye taasisi ya umma, fahamu mapema kwamba njia yako ni tofauti kidogo. Ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na viongozi wakuu wana Wakala wa Ndege za Serikali. Maswali ya kumuuliza mwenye ndege, hata hivyo, ni yaleyale.

Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji kukodi

Kwa safari ya Dar es Salaam, mara nyingi huhitaji. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 inakufikisha Dar kwa takriban saa tatu na nusu hadi nne, na ndege za ratiba zipo. Ukijumlisha muda wa kwenda kiwanjani, kupanda, kuruka, kushuka na foleni ya kutoka kiwanja cha Julius Nyerere hadi Posta, ndege ya kukodi inakuokolea muda mdogo kwa fedha nyingi. Wapo wanaokodi kwa sababu bosi anapenda kuonekana akishuka kwenye ndege yake. Hiyo ni bajeti ya hadhi. Isichanganywe na bajeti ya safari.

Kukodi kunaanza kuleta maana unapokwenda magharibi au kusini. Angalia ramani: kutoka Dodoma hadi Kigali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 780, Bujumbura ni hivyohivyo, Lilongwe karibu 870, Lubumbashi takriban 1,080. Kwa ndege za ratiba unalazimika kwanza kurudi mashariki Dar, au kupanda juu Nairobi, kisha ukunje kona. Kikao cha saa tatu kinakula siku tatu na usiku mbili za hoteli kwa kila mtu. Kukodi kunafaa pia kama mna vituo viwili kwa siku moja, tuseme Tabora asubuhi na Mpanda mchana, au kama mnakwenda mgodini au shambani penye kiwanja chake cha changarawe ambako ndege ya ratiba haifiki.

Fanya hesabu hii kabla ya kumpigia mtu yeyote. Andika idadi ya wasafiri, tiketi zao, hoteli zao, posho zao, na siku za kazi zitakazopotea. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha. Watu wawili karibu kila mara wataona tiketi za kawaida ni nafuu. Wakifika sita, anza kufikiria upya.

Hatua ya 2: Chagua ndege, na usiharakie jeti

Watu wengi husema "jeti" wakimaanisha ndege yoyote ya kukodi. Jeti halisi, kama zile za familia ya Cessna Citation, ni tamu kwa safari ndefu. Kwa safari fupi inatumia sehemu kubwa ya muda kupanda na kushuka, na haipati nafasi ya kutumia kasi unayoilipia. Kwa makadirio yangu, Dodoma hadi Dar, umbali wa takriban kilomita 390 angani, jeti ndogo itakuchukua kama dakika 45 na pangaboi nzuri, yaani ndege ya mapanga yanayozunguka, saa moja. Dakika 15 hizo zitaisha ukisubiri gari la kukupokea.

Ndizo hizo pangaboi zinazofanya kazi nyingi ya kukodi katika ukanda huu. Usidanganywe na pangaboi la mbele: ndani ya Pilatus, King Air na Caravan kuna injini ya tabini inayotumia mafuta yaleyale ya jeti.

Cessna Caravan ndiyo utakayoiona zaidi. Inabeba watu hadi 12 hivi, inatua kwenye changarawe bila kulalamika, na bei yake kwa saa ni ya chini. Kasoro zake: inakwenda kama kilomita 300 kwa saa, kabini yake haidhibitiwi mgandamizo wa hewa kwa hiyo hairuki juu sana, na kwa kawaida haina choo. Dodoma hadi Kigali kwa Caravan ni karibu saa tatu. Wazee wa bodi watakukumbuka kwa ubaya.

Pilatus PC-12 ina injini moja pia, lakini kabini yake inadhibitiwa mgandamizo, inapita juu ya mawingu mengi, inafikia karibu kilomita 500 kwa saa, na bado inaweza kutua kwenye changarawe. Watu sita hadi wanane wanakaa vizuri. Kwa safari za Dodoma kwenda Kigali, Bujumbura, Nairobi au Lubumbashi, mimi ningeanza kuuliza bei ya hii kabla ya nyingine yoyote. Beechcraft King Air inalingana nayo kwa kasi na ukubwa, ila ina injini mbili. Hilo si dogo: baadhi ya mashirika na kampuni za bima hukataza wafanyakazi kupanda ndege ya injini moja, hasa usiku au kwenye hali mbaya ya hewa. Soma sera ya ofisi yako kabla hujasaini. Usisubiri hadi mkurugenzi wa usalama kazini akuandikie barua.

Jeti inaanza kueleweka mkivuka kilomita 1,000. Lubumbashi ni kama saa mbili na dakika 20 kwa PC-12, na saa moja na dakika 45 hivi kwa jeti ndogo. Kwenda na kurudi umeokoa zaidi ya saa moja, na ukiwa na kikao kirefu saa hiyo ina thamani. Lakini jeti nyingi zinataka lami nzuri na ndefu, kwa hiyo futa viwanja vya changarawe kwenye orodha yako.

Kuna jambo la Dodoma lenyewe. Kiwanja kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba au Novemba joto linapanda. Hewa ya mwinuko na joto ni nyepesi, bawa na injini havipati nguvu zilezile, na ndege inahitaji kukimbia zaidi ardhini ili iruke. Rubani akikuambia saa 8 mchana hawezi kubeba watu wanane na mizigo pamoja na mafuta ya kutosha, anakueleza fizikia. Kigali na Nairobi ziko juu zaidi. Safari ya asubuhi inabeba zaidi, na pia haitikisiki sana.

Hatua ya 3: Jua nani anaruhusiwa kukubeba kwa malipo

Kuwa na ndege na leseni ya urubani hakumpi mtu ruhusa ya kuuza safari. Anayebeba abiria kwa malipo lazima awe na cheti cha uendeshaji, kile wenyewe wanachokiita AOC, pamoja na leseni ya kutoa huduma za usafiri wa anga. Hapa nchini vyote vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Omba nakala za vyote, utazame tarehe za mwisho, kisha utazame jambo ambalo wengi hulipita: namba ya usajili ya ndege utakayopanda iwe imeorodheshwa kwenye viambatisho vya cheti hicho. Ndege za Tanzania zinaanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X.

Omba pia cheti cha bima kinachoonyesha kwamba abiria wa kulipa wamekatiwa. Hapo ndipo mtego wa "ndege ya rafiki" ulipo. Mfanyabiashara ana ndege yake binafsi, anasema mchangie mafuta tu. Bima ya ndege binafsi inaweza kukataa kulipa mara ikijulikana abiria walitoa fedha, na aliyepanga safari atabaki akijieleza mbele ya familia za watu. Kataa kwa heshima.

Kuhusu ndege za nje: kiwanja cha Wilson, Nairobi, kina ndege nyingi za kukodi, na wakati mwingine bei inavutia. Ndege ya Kenya inaweza kuja na kibali kukuchukua Dodoma kukupeleka Nairobi. Kukubeba Dodoma hadi Mwanza ni suala jingine, kwani biashara ya ndani kwa kawaida imewekewa waendeshaji wa nchi husika. Usipange safari yenye vituo viwili vya Tanzania kwa ndege ya 5Y bila kuona kibali cha maandishi.

Dalali si mtu mbaya. Dalali mzuri anajua ndege ipi iko wapi leo, na anaweza kukupatia safari tupu ya mwenzako: ndege imeleta mteja Dodoma, inarudi Dar bila mtu, nawe unapanda kwa bei ya chini sana. Ila dalali hana ndege. Jina la mwendeshaji lazima liwe kwenye karatasi kabla ya senti moja kutoka.

Mkifanya kazi na migodi, mtasikia neno BARS. Ni utaratibu wa ukaguzi wa usalama wa taasisi ya kimataifa ya Flight Safety Foundation, uliobuniwa kwa ajili ya kampuni za madini zinazokodi ndege sehemu za mbali. Mwendeshaji aliyepita ukaguzi huo amechunguzwa na macho mengine zaidi ya mamlaka. Na hata pale ndege inaporuhusiwa kuendeshwa na rubani mmoja, ombeni wawili. Ongezeko la bei ni dogo.

Hatua ya 4: Omba bei kwa ujumbe uliokamilika

Ukituma "naomba bei ya ndege kwenda Kigali" utajibiwa kwa namba isiyo na maana. Tuma ujumbe wa namna hii kwa kampuni tatu, siku moja, wenye maneno yaleyale:

"Habari za kazi. Naomba nukuu ya bei ya ndege ya kukodi. Abiria 6, jumla ya uzito wao kilo 510, mizigo kilo 60, mabegi laini. Kuondoka Dodoma Jumanne saa 1 asubuhi (07:00 saa za Tanzania), kwenda Kigali, kurudi Dodoma siku hiyohiyo. Tafadhali taja: aina ya ndege na namba ya usajili, inapolala, saa za kuruka kwa kila kipande pamoja na safari tupu, bei kwa saa, ada za viwanja, gharama za marubani, kama VAT imo, na masharti ya kuahirisha. Ahsante."

Uzito usiukisie kwa aibu. Kuna waheshimiwa hawapendi kuulizwa kilo zao, basi muulize msaidizi wake, lakini namba iwe ya kweli. Kwenye ndege ndogo kilo 20 za uongo kwa kila mtu zinaweza kumaanisha mafuta yanapunguzwa au begi la nyaraka linabaki Dodoma. Mabegi magumu ya magurudumu hayaingii vizuri kwenye nafasi ya mizigo ya Caravan. Sema mapema.

Kuhusu saa: andika zote mbili kama nilivyofanya hapo juu. Marubani wanaandika kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, dalali wa nje anaandika kwa saa za Kizungu, na dereva wako anasikia saa za Kiswahili. "Saa 2" ina tafsiri tatu hapo, na mbili kati yake zitakuacha kiwanjani peke yako.

Hatua ya 5: Soma profoma kwa kalamu

Hapa ndipo fedha zilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Tuchukue PC-12 inayolala Dar, na bei ya mfano ya shilingi milioni 4 kwa saa. Namba hiyo ni ya kukokotolea tu, usiipeleke kwa mtu ukasema ndiyo bei ya soko. Dar hadi Dodoma saa 1. Dodoma hadi Kigali saa 1 na dakika 45. Kigali hadi Dar moja kwa moja saa 2 na nusu.

Safari ya siku moja: Dar–Dodoma tupu, Dodoma–Kigali, Kigali–Dodoma, Dodoma–Dar tupu. Jumla saa 5 na nusu, shilingi milioni 22. Umeruka saa 3 na nusu tu. Saa 2, yaani milioni 8, ni za ndege kuja na kurudi kwao.

Sasa tuseme mnakaa Kigali siku tatu. Je, ndege iwasubiri au irudi ije tena? Ikiwaacha na kurudi Dar, kila mzunguko ni 1 + 1:45 + 2:30, saa 5 na robo. Mizunguko miwili ni saa 10 na nusu, milioni 42. Ikisubiri, waendeshaji wengi wanadai kima cha chini cha saa kwa siku. Tuseme ni saa 2 kwa siku. Siku tatu ni saa 6, na kwa kuwa mmeruka saa 5 na nusu mtalipa zile 6: milioni 24, ukiongeza hoteli na posho za marubani pamoja na maegesho. Kusubiri ni nafuu kwa mbali. Siku ya tano bado kusubiri ni saa 10 dhidi ya 10 na nusu, karibu sawa. Siku ya sita ni saa 12, hapo aheri irudi. Ukiwa na namba za kweli za mwendeshaji wako, fanya hesabu hiyohiyo. Kwa mahali pa karibu kama Tabora siku ya kugeuza inawahi zaidi.

Wengine huuliza: kwa nini tusichukue treni hadi Dar tukapandie hukohuko? Dar–Kigali kwenda na kurudi ni saa 5. Mnaokoa nusu saa ya ndege na kupoteza siku. Tena kutoka Dar hadi Kigali kuna ndege za ratiba, basi mngekodi ya nini?

Njia ya kweli ya kupunguza gharama ni kutafuta ndege ambayo usiku wa kuamkia safari yako itakuwa tayari Dodoma au karibu. Wakati wa vikao vya Bunge, hasa bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, ndege zinaingia na kutoka mjini mara nyingi. Piga simu uulize nani anashusha mtu jioni. Kubadilisha siku yako kutoka Jumanne kwenda Jumatano kunaweza kukuondolea kipande kimoja kitupu chote.

Vitu vingine vya kukagua kwenye profoma: ada ya kutua na kuegesha, ada za kuongoza ndege, ada za abiria, vibali vya nchi ya nje, huduma ya wakala wa ardhini kule mnakokwenda, chakula. Uliza wazi kama bei ni ya mkupuo au itarekebishwa kwa saa halisi na bei ya mafuta. Kwa safari ya ndani dai bei ya shilingi, kwani kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutoza huduma za ndani kwa dola.

Hatua ya 6: Panga siku kwa jua na kwa marubani

Viwanja vingi vya mikoani havina taa au hufungwa jioni. Uliza saa za kazi za kila kiwanja, na panga kana kwamba taa hazipo. Jua la Dodoma linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, kutegemea mwezi.

Turudi kwenye safari ya Kigali. Rwanda, Burundi, Zambia, Malawi na Lubumbashi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiondoka Dodoma saa 1 asubuhi, unatua saa 2 kasoro robo kwa saa zao, ambayo kwa saa zetu ni saa 3 kasoro robo. Wao bado hawajafungua ofisi. Kwenda unazawadiwa saa moja. Kurudi unadaiwa saa hiyo: ili utue Dodoma saa 12 na nusu jioni, lazima uwe umeondoka Kigali saa 10 kasoro robo alasiri ya kwao. Kikao kiishe saa 8 na nusu ya kwao, kwa sababu Wanyarwanda wataheshimu ratiba lakini wajumbe wako watataka kupiga picha.

Sasa waangalie marubani. Wakitoka Dar ili wawe Dodoma kabla ya saa 1 asubuhi, wameamka usiku na kuripoti kazini kabla ya saa 11 alfajiri. Wakirudisha watu Dodoma jioni na kuendelea hadi Dar, wamefika karibu saa 15 kazini. Kanuni zina kikomo cha saa za kazi za rubani, na hakuna mwendeshaji makini atakayekukubalia hesabu hiyo. Atakupa njia tatu: ndege ije jana yake ilale Dodoma, au muondoke saa mbili baadaye kuliko mlivyopanga, au kuwe na marubani wa kupokezana. Akikubali bila kusema chochote, huyo mwache. Njia ya kwanza ndiyo yenye utulivu, ila tafuta mapema vyumba vya marubani. Bunge likikaa, hoteli za Dodoma hazina huruma, na nafasi ya kuegesha ndege kiwanjani nayo huombwa kabla.

Hali ya hewa ina tabia zake kwa kila upande. Dodoma mvua ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mawingu ya radi hujenga mchana. Kiangazi ni upepo na vumbi. Mwanza na kandokando ya Ziwa Victoria ngurumo hupiga usiku kuelekea alfajiri, kwa hiyo kule kutua mapema sana si faida. Songwe, Mbeya, inajulikana kwa ukungu na mawingu ya chini. Acha nafasi ya saa mbili. Muulize mwendeshaji kiwanja mbadala ni kipi, na mkitua huko nani analipa gari.

Hatua ya 7: Mpaka

Vibali vya kuruka na kutua nchi nyingine huombwa na mwendeshaji, wewe mpe majina na namba za pasipoti mapema, siku kadhaa za kazi kabla. Swali lako kwake ni moja: pasipoti zetu zitagongwa wapi? Usidhani Uhamiaji, Forodha na watu wa afya wanakaa Dodoma wakisubiri safari za nje kama ilivyo Julius Nyerere au KIA, kiwanja cha Kilimanjaro. Ama mwendeshaji awaombe rasmi waje, ama ndege ipitie kiwanja cha kimataifa njiani, na kituo hicho ni muda na ada zaidi. Nimeona wasafiri wakigundua hilo wakiwa wameshafunga mikanda.

Kila abiria awe na kadi ya homa ya manjano, hasa kwa Uganda na Kongo, maana kwenye ndege ya watu sita mmoja akizuiwa mmezuiwa wote. Masharti ya kuingia Kongo yaulizwe mapema na yajibiwe kwa maandishi. Mkibeba sampuli za madini, mbegu au fedha taslimu nyingi, tangazeni. Ndege kuwa ndogo hakuondoi forodha.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Mkataba wa kurasa mbili unatosha kama una haya: ndege kwa namba yake na nini kitatokea ikiharibika (mbadala wa hadhi ileile, na usajili wake mkajulishwa), viwango vya kuahirisha kwa siku, nani anabeba gharama ya kuchelewa kwa hali ya hewa na nani ya kuchelewa kwenu, na kifungu kinachompa rubani neno la mwisho. Kifungu hicho kisomwe kwa sauti mbele ya bosi. Rubani akisema haturuki, haturuki, hata kama waziri anasubiri.

Hakikisha pia imeandikwa kiwanja kipi cha Dodoma: kile cha mjini, au Msalato, upande wa barabara ya Arusha, ambako kiwanja kipya cha kimataifa kimekuwa kikijengwa. Mtu anayetoka Mji wa Serikali Mtumba akienda siko, siku imeharibika.

Lipa kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye AOC. Akaunti ya mtu binafsi, au "ya kampuni dada", ni sababu ya kusimama. Dai risiti ya EFD.

Siku yenyewe

Fikeni dakika 45 kabla kwa safari ya ndani, saa moja na nusu kwa ya nje. Soma namba kwenye ubavu wa ndege ulinganishe na mkataba. Ikiwa tofauti, uliza kabla ya kupanda. Kama ni Caravan, watu waende msalani kwanza. Mtu mmoja wa msafara, si wote, ndiye azungumze na rubani kuhusu muda, na namba ya simu ya rubani iwe kwa dereva wa kule mnakokwenda.

Andika saa ndege ilipoanza kusogea na saa iliposimama kwa kila kipande. Kama bei yenu ni ya saa halisi, ankara ya mwisho ikija ilinganishe na karatasi hiyo, na kwa vipande vitupu ambavyo hukuwamo, omba nakala ya kumbukumbu za safari kutoka kwa mwendeshaji kabla hujaidhinisha malipo yaliyobaki.